Kayaki ya bahari kwa mtu mwenye mwili mkubwa: ikisumbua, tafuta shida hapa

Mimi nina kilo 112 na urefu wa sentimita 188, mabega mapana, mapaja usiseme, na miaka miwili ya mwanzo ya kupiga kasia baharini nilikuwa naamini kila shida inayonipata majini ni kosa la mwili wangu. Kayaki ikiyumba, mwili. Miguu ikifa ganzi, mwili. Nikipinduka nikashindwa kupanda tena, mwili huohuo. Kumbe zaidi ya nusu ya mambo hayo yalikuwa ni siti imekaa juu sentimita mbili, mkanda wa mgongo umefungwa vibaya, na kayaki yenyewe imechorwa kwa ajili ya mtu wa kilo 75 afu mimi nimejishindilia humo kama mguu wa saizi 46 ndani ya kiatu cha 42 halafu naulaumu mguu.

Kwa hiyo hapa napanga mambo kwa dalili. Kama unatafuta kayaki ya kununua, zitumie dalili hizi kuijaribu kabla hujatoa hela. Kama unayo tayari, zitakuambia kama ni ya kurekebisha kwa kisu na sponji au ni ya kumuachia mtu mwingine.

Kwanza tuimalize ile namba ya kilo

Karibu kila kayaki inauzwa na namba ya uzito wa juu kabisa inaoweza kubeba, 130, 140, 160 na kuendelea. Sisi wenye miili tunaangalia hiyo namba, tunatoa uzito wetu, tunaona chenji imebaki, tunalipa. Aliyeniuzia ya kwanza alinionyesha 140 kwa kidole akaniambia bosi wewe una 112, bado una kilo 28 za mizigo, na mimi nikatabasamu kama mjinga.

Ile namba inakuambia kayaki haitazama. Haisemi kwamba itapigika kasia vizuri, haisemi itageuka, haisemi utaweza kutoa maji ikijaa. Na kila mtengenezaji ana njia yake ya kuipata, kwa hiyo 140 ya huyu sio lazima iwe 140 ya yule. Mimi sa hivi nakata robo: mwili, nguo, laifujaketi, maji ya kunywa, pampu, kasia la akiba, vyote kwa pamoja visizidi robo tatu ya namba iliyoandikwa. 140 inabaki 105, yaani nilikuwa nimeshapitiliza kabla hata sijavaa. Na upime ukiwa umevaa tafadhali, mimi makorokoro yangu ya safari ya siku moja tu yalikuwa kilo 12, kwa hiyo mtu wa 112 alikuwa anaingia majini na 124.

Sasa chukua hesabu hii moja maana itarudi huko chini. Kayaki ya mita 5 hivi, sehemu inayogusa maji ni kama mita 4.7, upana pale majini kama sentimita 54, ukipunguza zile ncha zilizochongoka unabaki na eneo la kama mita 1.5 za mraba. Ili izame sentimita moja zaidi inabidi isukume pembeni lita 15 za maji, na lita ya maji ya bahari ina kilo moja na kidogo. Kwa hiyo kila kilo 15 zinazoongezeka, unashuka sentimita moja. Kilo 45 ni sentimita tatu, vidole viwili. Utasema vidole viwili ni kitu gani, ila ubavu wa kayaki pale pembeni ya siti unaweza kuwa unabaki sentimita 12 au 15 tu juu ya maji, sasa toa vidole viwili hapo uone.

Kingine, aina nyingi zinatoka kwa saizi kama nguo. P&H Scorpio ipo LV, MV na HV, maana yake ujazo mdogo, wa kati na mkubwa, na Tempest ya Wilderness Systems ilitoka kwa namba, 165 na 170, kubwa kwa mtu mkubwa. Kwa hiyo ukikaa kwenye MV ukaichukia usilichukie jina zima, ulikuwa umevaa shati la mdogo wako.

"Inatikisika, siwezi hata kukohoa"

Hii inaongoza kwa malalamiko, na wengi wanakimbilia kutafuta kayaki pana zaidi. Subiri. Angalia siti kwanza.

Uzito wetu mwingi uko juu ya kiuno, kifua, mabega, tumbo, hivo kitovu chetu cha uzito kiko juu kuliko cha mtu mdogo, na siti ikikunyanyua hata sentimita mbili unaisikia palepale. Siti nyingi zinaning'inia kutoka kwenye ukingo wa kokpiti (lile tundu unalokalia) na chini yake pana nafasi tupu, zingine zimeongezewa na mto mnene wa starehe juu yake. Jaribu hivi: nenda kwenye maji ya magotini, toa mto, kama siti inafunguka itoe yote, weka kipande cha sponji ngumu isiyonyonya maji, unene wa sentimita moja tu, moja kwa moja kwenye sakafu ya kayaki ukikalie, mtu akushikie omo (ncha ya mbele). Yaani mimi nilivyofanya hivo nilicheka kwa sauti. Ilikuwa kama mtu ameweka jiwe chini. Nikashusha siti sentimita mbili na nusu na ule mtikisiko niliouishi miaka miwili ukaisha mchana mmoja. Ukishusha ujue tu kwamba magoti nayo yatabadilika mkao na kasia utaliona liko juu zaidi, ni kawaida, unazoea.

Kama siti iko chini tayari na bado inacheza, angalia kama ni wewe unayeitikisa. Ukikaza kiuno na tumbo, kila kijiwimbi kinapanda mpaka kichwani, na kichwa kikiyumba mwili mzima unafuata. Kayaki inatakiwa icheze chini ya kiuno, juu utulie. Mtu aliyejibana nyonga kwenye siti finyu hawezi kulegeza kiuno hata akitaka, kwa hiyo anaonekana muoga kumbe amebanwa.

Ila kuna aina ya tatu na hiyo ndo mbaya zaidi kwetu, nayo ni kayaki inayokaa kimya kabisa halafu inakumwaga bila taarifa. Ukikaa imetulia, unasema hii ndo yenyewe. Sasa iinamishe polepole upande mmoja kwa kuvuta goti la upande wa pili juu. Kayaki nzuri ya bahari inainama, afu inafika mahali inakuwa ngumu, inakusukuma urudi, unasikia kabisa inakuambia basi hapo. Ule ukinzani unaongezeka mpaka pale ukingo wa sitaha unapoanza kuingia majini, baada ya hapo unashuka. Ukiwa umeizamisha sana, ukingo unaingia majini mapema, kwa hiyo hata kale kasehemu kagumu kanakuja na kuondoka kabla hujakasikia. Hapo hakuna sponji wala kushusha siti, kayaki ni ndogo kwako, basi.

Upana sasa. Kayaki nyingi za bahari ziko kati ya sentimita 53 na 58, kwa miili yetu 57 mpaka 61 mara nyingi inatosha vizuri. Ukipanda zaidi ya hapo unaanza kugonga sitaha kwa vidole kila ukichovya kasia, na kitu kipana kinafuata sura ya wimbi, wimbi likiinama nacho kinainama, kwa hiyo kile kilichokuwa kimetulia kama meza kwenye maji tulivu ndo kinakuogopesha bahari ikichafuka.

Miguu inakufa ganzi baada ya dakika ishirini

Swali la kwanza ni ganzi inaanzia wapi, maana watu wanasema tu miguu.

Ikianzia nyuma ya paja na kushuka, ni ukingo wa mbele wa siti unabonyeza, na kwa mapaja mazito unabonyeza kwelikweli. Wengi wanaongeza mto chini ya makalio, na hapo wanaharibu zaidi maana mto unakunyanyua (rudi juu usome habari za siti) na ukingo uko palepale. Weka sponji mbele ya siti, chini ya mapaja, iliyokatwa kama kabari, nene upande wa magotini na nyembamba upande wa siti, ili paja libebwe urefu wake wote badala ya kuning'inia. Wengine wanatumia kimfuko cha hewa hapo, unapuliza au kupunguza ukiwa humohumo ndani, ni kizuri ila kinatoboka.

Ikianzia kwenye nyayo, ni vikanyagio au viatu. Vikanyagio vikiwa karibu sana unakuwa umesukuma muda wote bila kujua, unasukuma mgongo kwenye mkanda na mkanda unakusukuma kwenye vikanyagio, unapigana na nafsi yako safari nzima. Sogeza tundu moja mbele. Halafu viatu: mtu wa saizi 46, 47, unyayo ukisimama wima unahitaji sentimita 30 na zaidi, na sitaha ya mbele pale miguu inapofika kwenye kayaki nyingi haina hizo. Kwa hiyo miguu inalazwa nje kama ya bata, vifundo vinauma, ganzi inakuja. Vaa viatu vya soli laini nyembamba. Kama hata peku vidole gumba vinagusa sitaha, achana nayo. Sitaha haipandishwi.

Ikiwa ni mguu mmoja tu mara nyingi siti imekaa upande, au una kitu mfukoni. Nimewahi kuhangaika nusu siku na paja la kulia kumbe nimekalia funguo.

Mkanda wa mgongo nao ukae chini, usawa wa mfupa wa kiuno. Ukipanda mpaka katikati ya mgongo unakuzuia kuzungusha kifua, na laifujaketi yenye mgongo mnene inakaa juu yake na kukusukuma mbele, unapiga kasia kama mtu anayesukwa nywele. Kwetu laifujaketi yenye mgongo mfupi au uliokatwa juu inasaidia sana.

Na usijaribu dakika tano. Kayaki yoyote ni tamu dakika tano. Iweke chini kwenye nyasi au juu ya mkeka, kaa humo saa nzima, soma kitu. Majirani wataangalia, waache waangalie.

Kuingia ni vita, kutoka ni vita

Kokpiti za kisasa nyingi zina urefu wa sentimita 80 hadi 90 na zimekatwa kama tundu la ufunguo, unakaa kwanza kisha unaingiza mguu mmojammoja. Zile za zamani za duara dogo unatanguliza miguu yote miwili ndo makalio yafuate, kwa mtu wa mapaja marefu na mazito sahau, labda uwe na mtu wa kukuvuta.

Kipimo cha nyumbani ni rahisi. Kaa chini, mgongo ukutani, kunja goti kiasi kile cha kuingiza mguu, pima kutoka ukutani mpaka mbele ya goti, utajua kama utapita hata kabla hujaenda kuiona kayaki. Nyonga pima ukiwa umekaa, sio umesimama, ukikaa zinatanuka na suruali ya saizi fulani haikuambii kitu.

Siti ikibana nyonga usikate tamaa haraka. Mara nyingi kuna pedi za pembeni zinazofunguka kwa skrubu au zimenatishwa tu, toa hizo kwanza, unaweza kupata sentimita mbili mpaka nne. Siti za faiba zinaweza kubadilishwa na siti ya kuchonga kwa sponji ngumu, unachonga mwenyewe kwa msumeno mwembamba na msasa, inakuja na umbo lako. Unachotaka ni kugusana pembeni bila kubanwa, kiganja kilicholazwa bapa kiweze kupita kati ya nyonga na ukuta wa siti. Wajenzi wa kayaki wa Greenland walikuwa wanaitengeneza kwa mwili wa mwenye nayo, urefu kama mara tatu ya mikono iliyonyooshwa na upana ni nyonga zake kuongeza ngumi mbili, kwa hiyo hakuna aliyekuwa anapewa ya mtu mwingine kisha anaambiwa apunguze uzito.

Jaribio ambalo sikubali mtu alikwepe: kaa ndani, kayaki ikiwa kwenye nyasi, weka mikono ukingoni, jinyanyue. Kayaki ikinyanyuka na wewe, imekubana, usiipeleke majini. Ikibaki chini, nenda maji ya kifuani na mtu pembeni, pinduka kwa makusudi bila sketi ya kuzuia maji (ile unayovaa kiunoni na kuifunga kwenye ukingo wa kokpiti), toka. Halafu rudia na sketi, ukivuta ile kamba ya mbele. Watu wakubwa tunaogopa tutakwama, ila kwenye kayaki ya saizi yako uzito wenyewe unakuvuta utoke, mimi natoka haraka kuliko wenzangu wembamba. Sketi nayo ina saizi mbili tofauti, ya ukingo wa kokpiti na ya kiuno. Ya ukingo ifuate kayaki, ya kiuno ikufuate wewe, usikubali kuuziwa ya ukingo mkubwa eti kwa sababu una kiuno kikubwa, itachomoka wimbi la kwanza.

Upepo ukija haisikii

Hapa wengi tunauza kayaki nzima kwa sababu ya kitu cha sentimita chache.

Kayaki ikiwa imelala sawa, upepo wa ubavuni kwa kawaida unaifanya ipeleke omo joshini, kule upepo unakotoka, kidogokidogo, unarekebisha kwa kuinamisha au kwa skegi, lile pezi dogo la chini nyuma. Mtu mzito akikaa, siti ikiwa nyuma kidogo ya katikati kama zilivyo nyingi, tezi (ncha ya nyuma) inazama na omo inanyanyuka. Omo ikishakuwa juu inashikwa na upepo kama tanga, inasukumwa demani, kule upepo unakoelekea, na tezi iliyozama haitaki kusogea. Matokeo ake unataka kurudi kwenye upepo, unapiga kasia upande mmoja mpaka bega linawaka moto, kayaki inaendelea kukupeleka ulikotoka. Watu wanasema usukani mbovu. Wengine wanashusha skegi yote, ambayo inaishikilia tezi zaidi na kuongeza tatizo lilelile.

Kuligundua usitegemee hisia. Bandika vipande vidogo vya selotepu ya rangi ubavuni, kimoja omo kimoja tezi, kwa urefu sawa kutoka kwenye mkuku (uti wa chini wa kayaki), halafu ukae ndani na kila kitu chako kwenye maji matulivu, rafiki ashushe simu usawa wa maji na kukupiga picha ya ubavu. Ya kwangu kipande cha omo kilikuwa nje kabisa kinang'aa, cha tezi hakionekani. Picha hiyo ninayo mpaka leo.

Dawa ni kusogeza siti mbele, sentimita mbili tatu, ukisogeza na vikanyagio na mkanda pia, au kama haisogei hamisha maji na mizigo mizito iende stoo ya mbele. Anza na mizigo, haihitaji drili. Mfuko wa lita 4 za maji uliosogea mita mbili mbele unafanya kazi kubwa kuliko unavyodhani, ni farumi ileile tu, uzito wa kusawazisha chombo, unaihamisha. Ukizidisha omo itakuwa nzito na kayaki itakimbilia upepo kama mbwa aliyesikia jina lake, rudisha kidogo.

Ni nzito, siwafikii wenzangu

Fupi tu hii. Ukizama zaidi kuna eneo kubwa zaidi linalosuguana na maji, ni kweli, ila kwa mwendo wa kawaida wa safari, noti (maili za bahari kwa saa) tatu mpaka nne, tofauti sio kubwa kiasi cha kukuacha nyuma hivo. Mara nyingi ni kasia fupi. Kayaki pana na mwili mpana unahitaji kasia la sentimita 220 mpaka 230, sio 210, lasivyo unainama kila upande kulifikia na kila ukiinama unaivunjia kayaki mwendo. Na tezi iliyozama, ile ya juu, nayo inakokota maji.

Sakafu inabonyea, siti inapiga kelele

Kayaki za plastiki zikibeba mtu mzito sakafu inaweza kupanda na kushuka chini ya siti kila wimbi, unaisikia kwenye makalio. Kidogo ni kawaida. Ikibaki na bonde hata ukiwa umetoka, imechoka au iliachwa juani ikiwa imefungwa kamba ngumu. Ukinunua iliyotumika ingiza mkono chini ya siti upapase, nyufa huanzia kwenye boliti zinazoshika siti, halafu kanyaga vikanyagio kwa nguvu zako zote ukiwa umekaa, sio kwa adabu, vile vya reli za plastiki vinaruka meno mtu wa miguu mizito akisukuma, na vitaruka siku unapovihitaji. Badilisha viwe vya reli za alumini.

Nimepinduka, siwezi kupanda tena

Nimeiacha hii mpaka huku kwa sababu ndiyo inayoamua, na ndiyo iliyonifanya niiuze ya kwanza.

Vitu viwili vinachanganywa hapa. Kimoja ni kupanda, kingine ni kitakachotokea ukishapanda.

Kupanda kunategemea sana urefu wa sitaha ya nyuma. Kayaki za ujazo mkubwa saa nyingine wanazipandisha sitaha ya nyuma ili stoo iwe kubwa, na wewe mwenye kifua kizito unatakiwa ujivute juu ya ule mlima ukiwa umelowa na umechoka. Ukiwa unachagua, simama majini pembeni yake, maji ya kifuani, miguu usiitumie, jaribu kulaza kifua juu ya sitaha nyuma ya kokpiti. Ukiweza mara tatu mfululizo, sawa. Usivute kwa mikono peke yake, lala kifudifudi juu ya maji kwanza, piga miguu mpaka mwili uelee bapa, halafu teleza juu, kazi inafanywa na miguu. Boya la kasia, kile kimfuko cha hewa unachovalisha kwenye upanga wa kasia ili liwe kama mkono wa pembeni, linasaidia, na kama bado, tumia kamba yenye kitanzi: pitisha kwenye shina la kasia, upitishe chini ya kayaki, uweke mguu kwenye kitanzi ukanyage kama ngazi. Wengine wanaona aibu kutumia kitanzi. Mimi ninacho, kimefungwa kwenye laifujaketi, na nakitumia nikichoka. Njia ya kisigino pia nzuri, unaingiza kisigino kwenye kokpiti ukiwa chali kisha unajibiringisha juu, mguu unanyanyua na mkono unapumzika, sisi tuna miguu yenye nguvu tuitumie.

Sasa umepanda. Wazee wa bahari wana msemo, kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na kwenye kayaki ngamani ndo hapo ulipokalia, maji yote yapo na wewe. Ukuta wa ndani, ule unaotenga kokpiti na stoo ya nyuma, ukiwa karibu na mgongo wa siti maji yanayoingia ni machache, ukiwa mbali umebeba pipa. Mwili mkubwa una faida hapa, unajaza nafasi ambayo maji yangekaa. Ila hesabu yetu ya kilo 15 kwa sentimita haijalala. Lita 60 za maji ndani ni sentimita nne zingine, na wewe ulishakula zako tatu.

Ndicho kilichonikuta. Maji hayakuwa machafuko hata kidogo, vijiwimbi tu vya mchana, nikapinduka kizembe nikigeuka kuangalia nyuma, nikapanda vizuri, nikachomoa pampu. Napampu, vijiwimbi vinapita juu ya ukingo, vinarudisha. Napampu, vinarudisha. Ukingo wa kokpiti ulikuwa sawasawa na bahari, yaani nilikuwa nakumba bahari nzima kwa pampu ya mkono. Mwenzangu ilibidi aje, anishikie, nitoke tena majini, ainyanyue omo ya kayaki yangu juu ya kayaki yake kumwaga maji, ndo nikapanda upya. Angekuwa hayupo sijui.

Kwa hiyo jaribio la mwisho kabla hujalipa, na kama muuzaji anakataa usilowanishe kayaki yake nenda kwa mwingine: maji ya kiunoni, kaa ndani na laifujaketi, mtu aijaze kokpiti maji mpaka ikatae, ukae wima, halafu uangalie ukingo mbele ya tumbo na nyuma ya mgongo. Ukibaki juu ya maji upana wa kiganja, umepata kayaki. Ukibaki vidole viwili, ni ya maziwa tulivu na siku nzuri. Ukiwa sawa na maji, hata kama imekaa vizuri kwenye nyonga, hata kama rangi yake umeipenda, mwili wako umekubalika humo na bahari imekubalika pia.

Ile ya 140 nilimuuzia kijana mmoja wa kundi letu, ana kilo 68 na anaipenda kufa. Selotepu zangu hakuzibandua. Juzi nilikuwa nyuma yake kwenye maji tulivu nikaziona zote mbili, ya omo na ya tezi, ziko nje, zimekauka, vidole viwili na zaidi juu ya maji.